Picha ya Kuweka Mbele ya Jeneza

Editha alipofariki, mdogo wake Skola alifungua simu ya marehemu kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Picha zilikuwa tele, lakini kila moja Editha alikuwa ameirekebisha: ngozi imeng'arishwa, pua imechongwa, mwanya umezibwa, kama wasichana wa kwenye matangazo.

Mama yao alizitazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Ni dada, mama."

"Hapana. Mwanangu alikuwa mweusi, na mwanya kama huo wako." Akairudisha simu, akamshika Skola kidevu. "Hebu tabasamu kidogo, nimwone."

Kwa mazoea, Skola aliinua kiganja kuyaficha meno yake. Kisha akakishusha taratibu.