Marekebisho ya Emérence

Jibu la safari hii Jaswant aliliandika akiwa amesimama ndani ya treni ya Metropolitan, jijini London, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine simu. Lilikuwa na maneno matano: "Kajifunze kwanza, halafu urudi hapa." Alilituma kabla treni haijafika Harrow, akajisikia vizuri.

Aliyejibiwa hivyo aliitwa Emérence. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akituma marekebisho ya Bahasha, programu ambayo Jaswant aliiandika na kuiweka huria mtandaoni, ili yeyote aichukue na kupendekeza mabadiliko. Bahasha haikuwa na picha wala vitufe. Mtu aliandika amri kwenye kidirisha cheusi, nayo ikabandika lebo kwenye barua pepe zake: kazi, safari, soma leo, baadaye. Jaswant aliianza kwa sababu ya dada yake, Surjit, ambaye barua zake kuhusu baba yao na mambo ya nyumbani zilimchosha. Sasa barua zote za nyumbani, za dada na za baba, zilikwenda zenyewe kwenye "baadaye", na huko hakuingia.

Watumiaji wengi wa Bahasha Jaswant aliwadharau kwa jumla. Huyu Emérence, Jaswant alimdharau kwa jina.

Jaswant alikuwa ameuchungulia ukurasa wake mtandaoni. Emérence alisomea kompyuta Bukavu, huko Kongo, akaja Uingereza kuomba hifadhi, na sasa alikuwa mhudumu wa wazee Hounslow, magharibi mwa London. Ofisini Jaswant aliwasomea wenzake marekebisho yake kwa sauti ya kuigiza, akasema mtu wa kubadilisha mashuka abaki na mashuka yake. Dipti, aliyekaa meza ya pili, hakucheka. Alisema rekebisho la mwezi uliopita lilikuwa sahihi, mistari kumi na moja tu, tena safi. Jaswant alimjibu kwamba mwanamke yule alibahatisha. Mistari hiyo alikuwa ameikubali kwa shingo upande, kwa kuwa bila hiyo barua yenye lebo mbili ilipotea kabisa.

Pendekezo lililomkera kuliko yote lilisema hivi: mtu akiandika mara kumi bila kujibiwa, Bahasha imkumbushe mwenye sanduku la barua.

"Hii ni programu," Jaswant aliandika mbele ya wote, "si mama mzazi."

Emérence alishukuru. Alishukuru kila mara, na kila mara alimalizia kwa kumuuliza kama anakula na kulala vizuri. Hilo nalo Jaswant aliliona ujinga.

Mwezi wa Machi chuo kikuu kimoja kilimwandikia. Kilitaka kuitumia Bahasha kwenye hifadhi yake ya nyaraka, ila leseni ibadilishwe, na kila mtu ambaye mstari wake umo ndani aridhie kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa miaka sita Jaswant alikuwa akingoja watu wa maana waione kazi yake. Wachangiaji ishirini na wawili waliridhia ndani ya siku nne. Emérence alikaa kimya.

Jaswant alijaribu kuiondoa ile mistari kumi na moja na kuandika yake. Alijaribu mara tatu, na kila mara alijikuta ameandika ileile. Alifunga kompyuta kwa kishindo.

Wiki ya pili Emérence alijibu. Angeridhia, ila Jaswant aje waonane Hounslow, Jumapili saa tisa mchana. Aliweka na anwani.

Ndani ya basi Jaswant alipanga la kumwambia. Kwamba mistari kumi na moja haimfanyi mtu kuwa mtaalamu. Kwamba kumtoa mtu nyumbani siku ya mapumziko ni utovu wa adabu. Kwamba baada ya leo asitume tena chochote.

Anwani ilikuwa ya makao ya wazee, jengo la matofali mekundu, ndege zikipita juu yake kwenda kutua uwanjani, moja baada ya nyingine. Emérence alimpokea mlangoni, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya zambarau. Alimsalimu kwa Kiswahili, na Jaswant, aliyezaliwa Nakuru, akaitikia kwa Kiswahili kabla hajajiuliza mwanamke huyu alijuaje.

Jaswant aliweka karatasi ya ridhaa juu ya kaunta. Emérence alisaini bila hata kuisoma.

 Jaswant alimuuliza kwa ukali kwa nini basi hakusaini kwenye kompyuta, yakaisha.

"Mimi naandika tu," alisema Emérence. "Mawazo yote iko ya mzee moja, wa chumba cha saba. Majibu yako namusomea yeye, neno kwa neno. Amesema utakuja tu kama kuna kitu unahitaji."

Jaswant alicheka mpaka mpokea wageni akainua kichwa. Kumbe mwaka mzima alikuwa akibishana na mtu anayelishwa kwa kijiko. Aliomba kumwona. Alitaka kuiona sura hiyo ili Jumatatu awe na la kuwasimulia ofisini.

Emérence alimtangulia kwenye korido ndefu iliyonuka sabuni na supu, akagonga mlango, akamwachia nafasi apite.

Chumbani mlikuwa na kitanda, redio, na kiti kilichoelekezwa dirishani. Mzee mwenye kilemba cheupe aligeuka polepole, akamtazama Jaswant.

"Barua zangu hukujibu hata moja, mwanangu," alisema. "Za Emérence umezijibu zote."