Vitenge vya Mama

Chisanga alifika kwa kaka yake mkubwa, Kampemba, kuchukua michango ya ukoo kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa mama yao. Daktari alikuwa amewapa hadi Ijumaa wawe wamelipa.

Kaka yake akamsogezea mfuko mkubwa. Ndani hamkuwa na pesa. Kulikuwa na vitenge vipya, bado vinanuka rangi, na kila kimoja kilikuwa na picha ya mama akitabasamu. Chini ya picha uliandikwa mwaka aliozaliwa, kisha mwaka huu.

"Yaya Kampemba, mama iko muzima," Chisanga alisema. "Leo asubui alikunywa uji."

"Operesheni, nani anajua kama itamuponyesha?" kaka yake alijibu kwa upole. "Lakini ku kilio bantu bote batakuya. Tutabavalisha nini? Ile michango yote tulinunulia bitenge. Chagua yako mbele bengine bafike."

Chisanga alikunja pindo la kitenge mpaka mwaka ule usionekane.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama, kutoka hospitali.

"Balichanga?"

"Balichanga, mama."

"Hata bandugu ba kule Mitwaba?"

"Bote."

Mama akaanza kuwaombea baraka, mmoja mmoja, kwa majina.