Kigelegele cha Bi Mwantumu

Siku yake ya kwanza ya kupimwa masikio, Bi Mwantumu aliketi kwenye chumba kisichopitisha sauti, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Kisha mpimaji, kijana mpole aitwaye Rehani, akamvalisha kifaa.

"Sasa utasikia mazungumzo vizuri, bibi. Kelele zilizopigwa marufuku mjini, kifaa kinazikata chenyewe."

"Na vigelegele?"

"Navyo pia."

"Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Nimekuja hapa kwa ajili ya hivyo tu!"

"Utaona midomo ikicheza, bibi. Wenzako wameshazoea."

"Midomo bila sauti? Kwani nakwenda kutazama samaki?"

Akakivua kifaa, akamrudishia Rehani mkononi, akatoka hadi ukumbi wa kusubiri. Hapo akapiga kigelegele kirefu, kile cha kumpokea bibi harusi. Wazee waliovaa vifaa hawakugeuza hata shingo. Waliendelea kutabasamu, wakitazama ukuta.

Mwishoni mwa benchi, mama mmoja aliyekuwa bado hajapimwa aliweka mkoba wake chini, akasimama, akaitikia.

Bi Mwantumu alimsikia kwa mbali sana. Akavuta pumzi, akapiga cha pili, kwa nguvu zaidi.