Mwaka wa Lindi

Mwaka ule mtambo wa taifa, unaopangia mikoa zamu ya kuongoza muziki kila mwaka, uliichagua Lindi iongoze hip-hop, na kila rapa nchini akalazimika kuchana kwa lafudhi ya huko. Somoe, mzaliwa wa Lindi, akaona maajabu: mumewe Lomayani, rapa wa Arusha aliyezoea kumkatiza maneno, sasa anakaa naye jikoni akimsikiliza mpaka ugali unapoa.

"Nisimulie tena habari za yule mbuzi wa bibi yako, mke wangu. Polepole."

Somoe akasimulia, roho kwatu.

"Wewe hata ukicheka una vina," Lomayani akamwambia.

Desemba mtambo ukatangaza kuwa mwaka unaofuata ni zamu ya Kigoma. Kesho yake, kabla mumewe hajaamka, Somoe alisimama jikoni akijaribu kusema "chai tayari" kwa lafudhi ya Kigoma aliyoiokota kwa jirani.