Mkono Juu ya Puto

"Ukiitoa programu ya michoro kwenye kiini cha mfumo, skrini itakwamakwama," alisema Mhandisi Kitwana. "Kasi iko ndani."

"Na ikianguka humo ndani, inaondoka na mashine nzima," alijibu Shemsa, ambaye alikuwa ameshaihamishia nje ya kiini, ile programu kuu inayoendesha mashine yote, ikae na programu za kawaida. Mashine hiyo ilikuwa ya kupumulia wagonjwa. Hapo mezani ilikuwa ikipulizia puto la majaribio, lililowekwa badala ya mapafu.

Shemsa aliizima programu ya michoro makusudi. Skrini ikawa nyeusi.

"Umeiua mashine!" Kitwana alipiga kelele, macho kwenye skrini.

"Kaka, mgonjwa hapumulii skrini." Shemsa akaushika mkono wa Kitwana, akauweka juu ya puto.

Puto lilijaa, likanywea. Kitwana akafumba macho, akangoja, nalo likajaa tena chini ya kiganja chake.