Neno la Kukimbia

Kila mtoto wa miteremkoni alikuwa na kengele ndogo iliyopandikizwa nyuma ya sikio. Mlima ukianza kumeguka, kengele ilitamka neno moja tu, "Maporomoko!", na mtoto alitimua mbio hata kama alikuwa na tonge mdomoni au sabuni machoni. Nyumba ya Anaeli ilikuwa imefukiwa mara mbili, na mara zote mbili watoto wake walikuwa wameshatoka.

Kwa hiyo siku ya kutalii pamoja na mama yao, kijana mtembeza wageni alipotandaza mikono na kusema, "Karibuni kwenye maporomoko!", Kundaeli na mdogo wake Ndeshi walikimbia hadi kwenye maegesho.

"Mama, umetuletea wanariadha!" akasema yule kijana, na wageni wakaangua kicheko.

Anaeli aliwaburuta kurudi. "Mnanitia aibu. Haya ni maporomoko ya maji, si ya udongo. Simameni mtazame."

Kijana akalirudia neno kwa utani. Kundaeli alitoka tena mbio. Ndeshi alitetemeka, akakaza magoti, akabaki, manyunyu yakimlowesha uso.

"Hongera, mwanamke wa shoka! Tena: maporomoko!"

Ndeshi akapiga makofi. Safari hii hata hakutetemeka.

 Anaeli akamshika mwanawe mabega, akamwinamia sikioni. "Ndeshi, sikiliza. Maporomoko! Kimbia!"

"Kwa nini, mama?" mtoto aliuliza, macho hayabanduki kwenye maji. "Mbona ni mazuri."