Mdomo wa Marehemu

Ijulikane na watu wote kwamba mchoraji mkuu wa mji ule alikuwa Sefu, ingawa hakuwahi kushika brashi. Alikuwa na kompyuta tu, studioni kwa mjomba wake, na akibofya kidogo picha yoyote iligeuka kuwa kama mchoro wa rangi za mafuta.

Bi Zuwena alimletea picha pekee ya marehemu mumewe. Macho yalionekana vizuri, lakini mdomo ulikuwa umefutika kwa kukunjwakunjwa.

"Sura yake imeanza kunitoka, mwanangu. Nirudishie."

Sefu, kwa utani wake, akampachika marehemu mdomo uliotoka kwenye picha yake yeye Sefu, unaotabasamu upande, kisha akaupaka rangi.

Bi Zuwena alipokuja kuichukua, aliitazama, akamgeukia Sefu.

"Hebu tabasamu."

Sefu akabana midomo.

"Mume wangu hakuwa na tabasamu la mwizi wa kuku."

"Nisamehe, mama. Mdomo ni wangu. Nilikuwa nacheza."

Bi Zuwena hakugomba. Aliufunika mdomo ule kwa ncha ya kanga, ili abaki na mumewe. Sefu akainama kutazama. Juu ya mdomo uliofunikwa, macho ambayo hakuyagusa kabisa yalikuwa yanacheka, na yalikuwa yanamtazama yeye.